Makopo ya Ijumaa

Ijumaa, 7 Novemba 1997

Daftari hili nimepewa na Gulnar, binti wa Liaquat mwenye duka la vipuri pale Katoro. Amekuja leo na kompyuta kwenye lori la baba yake. Mambo haya kayasomea Mwanza, na mradi wa wafadhili umemwajiri atufundishe. Kasema, "Mama Agnetha, andika humu kila kitu cha mashine kinachokusumbua, hata kiwe kidogo. Nikirudi nitasoma." Nikamwambia yanayonisumbua mimi hayajaanza na mashine. Akacheka, akasema basi niandike yote. Haya, asije akanilaumu.

Mimi ni Bernadina, muuguzi, mwaka wa kumi na tisa sasa katika kliniki ya kifua kikuu ya kituo hiki cha misheni. Wagonjwa wangu wengi ni wachimbaji wa dhahabu. Dawa ni miezi minane. Ukiisha mwezi wa pili mtu haachi tena makohozi njiani, mashavu yamejaa, anajiona mzima, anaondoka. Anayeondoka kabla ya wakati ugonjwa humrudia, na ukirudi huua. Kutoa dawa hata mwanangu Agnetha angeweza alipokuwa darasa la tatu. Kazi yangu hasa ni kumfanya mtu anayejiona mzima arudi Ijumaa.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni makopo ya maziwa ya unga, kila mgonjwa na lake, jina limeandikwa kwenye plasta. Siku ya kwanza anahesabu mwenyewe punje thelathini na mbili za mahindi, moja kwa kila wiki, anazitia humo. Kila Ijumaa akishameza dawa mbele yangu anatoa punje moja, anawarushia kuku wa Thobias pale mlangoni. Mwanaume mzima na ndevu zake utamwona analitikisa kopo sikioni asikie zimebaki ngapi. Njia ya pili ni uzi mwekundu. Ikifika saa kumi jioni na kopo la mtu halijaguswa, nafunga uzi kwenye kadi yake, na Jumatatu mhudumu wetu Thobias anapanda baiskeli kumtafuta. Tunawaita watoro, ila Thobias haendi kama askari. Yeye mwenyewe alikuwa mchimbaji, na aliwahi kuwa na kopo.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefunzwa siku tatu. Kompyuta nimeifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Inaendeshwa na jenereta, kwa hiyo inafanya kazi saa mbili tu kwa siku.

Ijumaa, 21 Novemba

Tabibu Donatus, mkuu wetu, kaagiza makopo yatoke. Mahindi yanaleta panya, na panya watakula nyaya za mradi. Nimebishana naye mpaka nikaona aibu. Si mtu mbaya, ni kwamba ameahidi mambo mengi mbele ya watu wengi. "Mama Agnetha," akasema, "kompyuta itahesabu badala ya punje. Na uzi mwekundu tuuache. Jina utaliandika kwenye mashine, Jumatatu itachapa orodha, Thobias ataifuata." Makopo arobaini na moja yameingia stoo.

Ijumaa, 28 Novemba

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Benjamini, fundi cherehani wa sokoni, kama kawaida yake. Miezi yote akifika mlangoni hunisalimu kwa Kisukuma, umeamkaje mama: "Mwangaluka mayu, nimekuja kulisha kuku." Leo kaangalia rafu tupu, kasema, "Nimekuja, ingawa naona kuku wamefungishwa saumu." Nikacheka peke yangu.

Bujiku wa machimboni hakucheka. "Kopo langu liko wapi, mayu?" Nikamwambia sasa inahesabu kompyuta. "Haya, imebaki ngapi?" Nikamsomea: amemaliza asilimia thelathini na saba.

"Asilimia thelathini na saba ya nini?"

"Ya wewe."

Akaitazama ile mashine. Kijana ana mabega mapana kama mlango, na alipoletwa mwezi wa tisa alibebwa na watu wawili. "Punje nilikuwa nazisikia," akasema, akaondoka.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua haina adabu. Redioni wanaiita Elninyo.

Gulnar, hili ni la kwako. Leo mmoja hakuja, nikaandika kwamba hajaja, na mashine ikaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika. Nimefundishwa uuguzi na Sista mmoja mkali, na yeye akikuuliza, "Bernadina, una hakika?" ujue umekosea. Hakuwa anauliza. Ulikuwa unainamisha kichwa, unarudia kazi. Nikachungulia nje. Mvua, barabara mto. Nani awe na hakika kwamba mtu hayuko njiani? Nikajibu hapana. Mashine ikanyamaza, ikanirudishia ukurasa safi. Angalau haina kinyongo.

Ijumaa, 12 Desemba

Mzee Benjamini kaja na mwavuli aliouwekea viraka vya vitenge vitano. Kasema bila kuku safari imekuwa ndefu. Nimemwambia acha deko.

Bujiku kaja, kameza, kaondoka.

Ijumaa, 19 Desemba

Mzee Benjamini hajaja. Wengine watatu hawajaja. Imeuliza kama nina hakika. Mzee yule hajawahi kukosa, nitakuwaje na hakika? Atakuwa kakwama ng'ambo ya mto. Nimejibu hapana, mara nne.

Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi jana tuliimba tukiwa tumeloa. Leo hawajaja saba. Imeuliza. Nimejibu hapana.

Jumatatu, 29 Desemba

Orodha imechapwa: hakuna mtoro hata mmoja. Nilidhani karatasi imekosea. Tabibu kasema kompyuta inapiga hesabu zake, inajua nani kachelewa tu na nani kapotea, ndiyo maana wafadhili wanaisifu. Huenda. Yenyewe inapiga hesabu, mimi nilikuwa nafunga uzi tu.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Bujiku hajaja. Daraja limekatika. Imeuliza, nimejibu.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua. Tisa hawajaja. Imeuliza, nimejibu.

Jumanne, 13 Januari

Tabibu kaongea na watu wa mradi kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumzia na vituo vingine. Wametupongeza: kituo pekee kisicho na mtoro msimu huu wa mafuriko. Kanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Nilifurahi, sitaficha. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kunipa mkono kwa ajili ya uzi mwekundu.

Gulnar hajafika tangu Novemba. Lori halipiti, na sasa yuko kwenye mfungo wa Ramadhani.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Imeuliza, nimejibu.

Ijumaa, 23 Januari

Leo mkono ulinivuta. Nilifungua droo, nikatoa uzi mwekundu, nikauzungusha kidoleni nikimfikiria Mzee Benjamini. Ijumaa sita. Nikamwita Thobias, akaja, akasimama, akinisubiri niseme. Nikawaza: mashine inasema hakuna mtoro, Tabibu anasema hakuna mtoro, mradi umetupa pongezi. Mimi ni nani? Nikamwambia Thobias anichotee maji. Alijua si maji niliyomwitia.

Ijumaa, 30 Januari

Sikukuu ya Idi. Jua limetoka kama saa moja hivi. Bujiku hajaja, hii ni ya tano. Imeuliza, nimejibu.

Ijumaa, 6 Februari

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Gulnar kafika saa nne, matope mpaka magotini, lori wameliacha ng'ambo. Kaniletea kaimati za Idi kwenye bakuli. Akasema kabla ya kugusa mashine anataka kusoma daftari langu. Nikampa, nikaendelea na wagonjwa. Kila nikigeuka namwona anatabasamu, nadhani ni pale nilipoandika habari za Sista. Kisha nikageuka tena, hatabasamu. Alikuwa anarudisha kurasa nyuma, anasoma, anarudisha tena.

Wagonjwa walipokwisha akasema, "Mama, hebu niandikie mtu mmoja ambaye hajaja. Kama unavyofanya siku zote. Mimi sisemi kitu."

Nikaandika jina la Bujiku. Mashine ikauliza. Nikajibu hapana.

Akafumba macho. "Mama, hapo umemfuta."

"Nimemfuta nani?"

"Bujiku. Ukijibu hapana, inatupa ulichoandika. Haibaki na kitu. Jumatatu haina jina la kuchapa."

Sikuelewa haraka. Nilisema ujinga, nilisema lakini iliuliza kama nina hakika, na mimi sikuwa na hakika, ningedanganyaje? Gulnar akakaa chini sakafuni, msichana wa watu na gauni lake la sikukuu. Akasema, "Baba akiniuliza dukani, 'Gulnar, una hakika?' hata kama ninayo, nakirudisha kitu kwenye rafu. Mimi mwenyewe, mama! Nimekulia kwenye swali hilo hilo, na nimekuletea bila kulifikiria. Aliyeandika maneno yale, kwao ni swali la kawaida tu." Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu. Watu kumi na mmoja. Tangu tarehe tano Desemba nimewafuta watu kumi na mmoja kwa kidole changu, wengine mara saba.

Nikaenda kwa Tabibu nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka bila kubisha. Aliweka miwani mezani. Akasema, "Orodha ilipotoka tupu, wewe ulishangaa. Mimi ndiye niliyekueleza kwa nini usishangae." Kisha akasema, "Toa makopo stoo."

Jumamosi, 7 Februari

Thobias kaenda upande wa sokoni na vijiji vya chini. Mimi nimekwenda machimboni kwa Bujiku, kwa baiskeli ya kukodi na kwa miguu palipokuwa hapapandiki. Kwenye mkoba nilikuwa na kopo lake.

Nilimkuta kakaa juu ya viroba vya mawe kwenye mdomo wa duara, shimo lao la kuchimbia. Mabega yale ya mlango yameingia ndani. Alinisikia kabla ya kuniona, akajaribu kuzuia kikohozi kwa heshima yangu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetutupa?"

"Nyie ndio mlinitupa. Kopo mliliondoa. Nikasema basi, wameshanifuta."

Alisema neno lile lile. Nilitamani ardhi ya pale, yenye mashimo kiasi kile, iwe na moja la kunimeza.

"Na nilikuwa mzima," akaendelea. "Nikipasua mawe kwa moko siku nzima. Na duara hili limebakiza kidogo kufika mwambani, kwenye dhahabu. Mwenye duara kasema akiondoka mtu sasa, nafasi yake anaingia mwingine. Ningefuata asilimia, mayu, niache mwamba?"

Nimekuwa nikiwakemea watu kwa jambo hili miaka kumi na tisa. Nawaita wazembe, nawaita wanywaji. Leo nimekaa juu ya kiroba nikaona anachokiona yeye: kulia shimo linalosikika, wenzake wanagonga chini, wanaimba, kila kamba ikipanda kuna kitu kimefungwa. Kushoto mimi na namba. Ningekuwa yeye ningechagua nini?

Nikamwambia ukweli. Wiki zilizopita zimepotea. Ataanza upya, thelathini na mbili, na miezi miwili ya kwanza alazwe kituoni achomwe sindano kila siku. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika nitapona?"

Swali lilinipita mwilini. Lakini alikuwa anauliza, kweli anauliza, macho yananitazama.

"Sina," nikasema. "Watu wengi hupona. Hakika niliyo nayo ni moja, ukibaki hapa bila dawa hufiki Pasaka."

Nikatoa kopo nikampa. Alilitikisa sikioni. Sikumwambia aje. Ilinigharimu, maana mdomo wangu haujazoea kufungwa. Nikamwacha nalo, nikashuka.

Jumatatu, 9 Februari

Thobias karudi. Kati ya kumi na mmoja tumewapata tisa, pamoja na Bujiku, na saba wameshafika. Mmoja kahamia Nkome kwenye mialo ya samaki, tumetuma habari.

Mzee Benjamini alizikwa tarehe ishirini na nane Januari. Majirani walisema alikohoa wiki tatu. Walimwambia aende kituoni, akasema kituo kinajua anapokaa, wangemtuma Thobias kama ni lazima. Alikuwa akitusubiri.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 10 Februari

Bujiku kafika kwa miguu, saa tano, ameloa. Kopo kalibana kwapani. Kalifungua mezani kwangu: ndani thelathini na mbili. Kaokota punje za kuongezea njiani, sokoni, sehemu wanapopakulia magunia. "Hesabu mwenyewe," akasema. Nikahesabu. Halafu nikaingia chumba cha dawa nikalia, na Gulnar akanishikia mlango.

Ijumaa, 13 Februari

Gulnar kabaki. Amelala kwangu siku zote hizi, anakula ugali wa udaga wa muhogo bila kukunja uso. Kutwa ananikalisha mbele ya mashine. Kasema maneno yote yatakuwa Kiswahili na mimi ndiye nitakayeyatunga. "Ungekuwa wewe ndiye mashine, mama, ungemwambiaje muuguzi?"

Nikasema, kwanza ningemwambia ninachotaka kufanya. Nisimtumbulie macho tu. Kwa hiyo sasa inaandika jina la mtu, kisha: "hajaja leo. Thobias aende?" Kuna majibu mawili, "aende" na "bado namngoja." Ukingoja, inakuuliza tena Ijumaa nyingine, haisahau. Na usipojibu kabisa, Jumatatu jina linachapwa, Thobias anaenda. Hilo la mwisho nimelipigania mimi. Watu tunachoka, tunaitwa, jenereta linazimika. Anayenyamaza asiwe amemuua mtu.

Makopo yamerudi kwenye rafu. Thobias kayawekea vifuniko. Panya wakitaka nyaya wazile tu.

Ijumaa, 20 Februari

Majaribio ya kwanza ya maneno mapya. Mashine ikaandika: Mzee Benjamini hajaja leo. Thobias aende?

Hatujamwandika kwamba amefariki. Kazi hiyo ni yangu, na inataka dakika moja tu. Nimebonyeza: bado namngoja.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua imepungua. Bujiku kalalamikia sindano, dalili nzuri. Wenzake wametuma habari, wamefika mwambani. Alikaa siku nzima anatazama ukuta. Nilipita mara tatu bila kusema neno. Saa kumi nikamsikia anatikisa kopo.

Kwa Mzee Benjamini: bado namngoja.

Ijumaa, 20 Machi

Mradi umeuliza kwa redio kwa nini ghafla tuna watoro. Tabibu kawaeleza yote na sehemu yake mwenyewe kaitaja. Nimemheshimu.

Bado namngoja.

Ijumaa, 10 Aprili

Ijumaa Kuu. Bujiku kawarushia kuku, kasema, "Mayu, ulisema sifiki Pasaka." Nikamwambia nilisema bila dawa, asinipakazie.

Bado namngoja.

Jumanne, 21 Aprili

Makohozi ya Bujiku nimeyaangalia mwenyewe kwenye darubini, kisha Tabibu, kisha mimi tena. Safi. Katoka wodini. Mwambani nafasi yake ilikwenda, sasa anamsaidia fundi baiskeli karibu na kituo. Kasema atarudi duarani mwezi wa kumi, kopo likiwa tupu. Nadhani atarudi kweli. Siku hizi simwamulii.

Ijumaa, 15 Mei

Hakuna mvua wiki nzima. Gulnar kapita na lori kuchukua daftari hili. Anataka kulipeleka Mwanza kwa wanaoandika maneno ya mashine, walisome. Nikamwambia asubiri mpaka saa kumi.

Wote walikuja. Mashine ikabaki na jina moja. Mzee Benjamini hajaja leo. Thobias aende?

Thobias alikuwa mlangoni na kuku wake. Bujiku alikuwa bado yupo, kopo mkononi, analibandika plasta mpya ya jina.

Nikafungua ukurasa wake, nikaandika kwamba amefariki, na tarehe. Mashine ikaandika maneno niliyoyatunga mimi mwezi wa pili: "Mzee Benjamini hatatafutwa tena. Nifunge jina lake?" Nikabonyeza ndiyo.

Kisha nikachukua kopo lake rafuni. Zilikuwamo punje kumi na mbili, vilevile kama tulivyozifungia stoo. Nikatoka mlangoni nikasema kwa sauti, "Mwangaluka mayu, nimekuja kulisha kuku." Kwanza nikarusha tatu, za Ijumaa zile tatu alizokuja bila kopo. Zilizobaki nikazirusha moja moja, tisa.

Kuku walizimaliza kabla sijafunga kopo.